Pishi na kibaba: mbio za wekstesheni na kompyuta ya mezani

Waliotumia kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanalikumbuka lile kasha la rangi ya krimu lililolala chini ya skrini. Usoni lilikuwa na tundu la ufunguo, kitufe kilichoandikwa Turbo, na kidirisha cheusi chenye tarakimu mbili zilizowaka. Kidirisha kikisema 33, mwenye mashine alitembea kifua mbele, maana jirani yake ana 25. Kikisema 66, hapo wageni wa ofisini waliitwa waje kuona.

Kidirisha kile hakikuwa kinapima chochote. Nyuma yake palikuwa na safu ya pini na vikofia vidogo vya plastiki, mafundi wanaviita jampa, na fundi aliyeiunganisha mashine ndiye aliyepanga mstari upi uwake na upi uzime. Angetaka kiandike 99, kingeandika 99 hata kama ndani mna prosesa ya megahezi 16. Wengine hawakuhangaika na namba. Walipanga herufi HI kwa mwendo wa kasi na LO kwa mwendo wa pole, wakafunga kasha, biashara ikaendelea.

Kitufe cha Turbo nacho kilikuwa na jina la kubeza. Kazi yake hasa ilikuwa kupunguza mwendo. Michezo ya awali iliandikwa kwa ajili ya PC ya kwanza ya IBM, yenye megahezi 4.77, na mingi ilihesabu muda kwa mapigo ya prosesa hiyohiyo. Ukiiweka kwenye mashine mpya, gari linagonga ukuta kabla hujagusa kibodi. Basi unabonyeza Turbo, mashine inajifanya mzee, mchezo unachezeka.

Namba iliyopangwa kwa jampa ni kichekesho, lakini sijui picha nyingine inayoeleza vizuri zaidi ubishi uliodumu karibu miaka 15 baina ya watu wa wekstesheni na watu wa PC: mashine ipi ina mbio? Kila upande ulikuwa na namba zake, na kila namba iliwekwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuiweka.

Wekstesheni (na hapa sisemi kituo cha kazi, kile anachopangiwa mwalimu mpya huko mkoani) ilikuwa kompyuta ya mtu mmoja, ila mtu mmoja mwenye kazi nzito: mhandisi anayechora saketi, mwanafizikia, mchora ramani, mtafiti wa lugha za programu. Chimbuko lake ni Xerox Alto, mashine iliyoundwa mwaka 1973 katika maabara ya PARC, Palo Alto, ikiwa na skrini ya pikseli 606 kwa 808, kipanya, na waya wa Ethernet wa kuiunganisha na wenzake. Xerox hawakuiuza kama bidhaa. Lakini walioiona hawakuweza tena kufurahia kukaa kwenye foleni ya kompyuta kubwa ya chuo, ambako watu 40 wanagawana prosesa moja kama ugali wa sinia moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Raj Reddy na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, waliieleza mashine waliyoitamani kwa M tatu: megabaiti moja ya kumbukumbu, pikseli milioni moja kwenye skrini, na amri milioni moja kwa sekunde. Watani wakaongeza M ya nne, bei isiyozidi senti milioni moja, yaani dola 10,000. Kampuni zikajitokeza kuifukuzia ndoto hiyo. Apollo ilianzishwa Massachusetts mwaka 1980 na kutoa DN100 mwaka uliofuata. Sun ilianzishwa California Februari 1982 na Andy Bechtolsheim, Vinod Khosla na Scott McNealy, Bill Joy akajiunga nao muda mfupi baadaye. Jina lake ni kifupi cha mtandao wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambako Bechtolsheim aliibuni mashine yenyewe akiwa mwanafunzi.

Kati ya DN100 na Sun ya kwanza ndipo ikaja PC ya IBM, tarehe 12 Agosti 1981. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,565, kwa kumbukumbu ya kilobaiti 16, bila hata kiendeshi cha flopi. Ukiipima kwa zile M, haikuwa nayo hata moja isipokuwa ile ya utani.

Tuanzie kwenye saa ya prosesa. Kwa nini megahezi 4.77, namba isiyo na kichwa wala miguu? Kwa sababu kristali ya megahezi 14.318 ilikuwa rahisi kupatikana: ni mara nne ya mapigo yanayobeba rangi kwenye televisheni za Marekani. IBM walitaka mashine iweze kuonyesha rangi kwenye televisheni ya nyumbani, wakaweka kristali moja, wakaigawa kwa tatu kulisha prosesa. Mwendo wa kompyuta ya kiofisi iliyotawala dunia uliamuliwa na televisheni ya rangi.

Ndani ya kasha kulikuwa na Intel 8088. Kimahesabu ilikuwa prosesa ya biti 16, lakini mlango wake wa kutokea kwenda kwenye kumbukumbu ulikuwa wa biti 8. Ifikirie kama ghala kubwa lenye mlango wa mtu mmoja: ndani wapagazi wana nguvu, nje malori yanasubiri, magunia yanatoka moja moja. Kila baiti moja ilihitaji mapigo manne ya saa. Gawanya 4.77 kwa 4, unapata baiti kama milioni 1.2 kwa sekunde, na hapo hakuna kupumzika hata kidogo. Linganisha na Sun-3 ya mwaka 1985 yenye Motorola 68020 ya megahezi 16.67. Mlango wake ni wa biti 32, baiti nne kwa mpigo mmoja wa kubeba, na kubeba kunachukua mapigo matatu ya saa. Kwa nadharia hiyo ni baiti milioni 22 kwa sekunde. Ukiangalia megahezi peke yake utasema Sun ina mara tatu na nusu ya PC. Ukiangalia mlangoni, ni mara 18.

Hapo tu mtu wa Sun angeweza kufunga daftari na kutangaza ushindi. Kumbe mambo hayakuwa hivyo ofisini.

Chukua karani anayeandika barua kwenye PC, programu yake ikiwa ni ya maandishi matupu. Skrini yake ina herufi 80 kwa mistari 25, jumla herufi 2,000. Kila herufi inachukua baiti mbili: moja ni herufi yenyewe, nyingine ni rangi au mng'ao wake. Skrini nzima ni baiti 4,000, na kuchora umbo la herufi ni kazi ya saketi ya skrini, prosesa haijali. Sasa mtazame mhandisi mbele ya Sun, skrini ya pikseli 1,152 kwa 900. Hata kwa nyeusi na nyeupe tu, biti moja kwa kila nukta, hizo ni baiti 129,600, na kila mkunjo wa herufi lazima uchorwe nukta kwa nukta. Akibonyeza ukurasa usogee, mashine yake inabeba mzigo wa mara 32 ya ule wa karani. Zile mara 18 tulizojivunia mlangoni zimekwisha, na bado kuna deni.

Ndiyo maana watu waliotoka kwenye PC wakakalishwa mbele ya wekstesheni ya thamani ya gari walikuwa wakiuliza kwa aibu: mbona hii inasuasua? Hawakuwa wajinga. Lotus 1-2-3, programu ya majedwali iliyoingia sokoni Januari 1983, iliandikwa na Jonathan Sachs kwa lugha ya mashine na ilisukuma herufi moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya skrini bila kumwomba mtu ruhusa. Ukibonyeza kitufe, jibu limeshafika. Mfumo wa DOS ulikuwa na adabu moja tu, kukaa pembeni. Kwenye Unix, mfumo wa wekstesheni, kitufe hichohicho kilipita kwa mlinzi, kwa karani wa foleni, kwa meneja wa madirisha, ndipo kikafika kwa programu; na wakati huo programu nyingine tano nazo zinaomba zamu.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba zile tano zilikuwa zinafanya kazi kweli. Mhandisi alikuwa anakompaili programu kwenye dirisha moja, anasoma barua kwenye la pili, na kwenye la tatu saketi yake inajaribiwa. Karani wa PC akitaka kuchapisha barua aliegemea kiti akaisubiri printa imalize, kisha ndipo aandike nyingine. Nani alikuwa na mashine yenye mbio? Nimeona mabishano ya namna hii yakiisha kwa ugomvi, kwa sababu kila mmoja anapima saa yake ya kusubiri na anadhani mwenzake anadanganya.

Na kusubiri kwenyewe mara nyingi hakukuwa kosa la prosesa. Mfano mzuri ni Sun-3/50 ya katikati ya miaka ya 1980: prosesa ya 68020, kumbukumbu ya megabaiti nne, na kwa kawaida haina diski kabisa. Faili zake, mfumo wake, hata sehemu ya kumwagia data pale kumbukumbu inapojaa, vyote vilikuwa kwenye mashine kuu upande wa pili wa waya wa Ethernet. Waya ule ulibeba megabiti 10 kwa sekunde, sawa na megabaiti 1.25, na ulikuwa wa wote. Asubuhi kila mtu akiwasha mashine na kufungua madirisha yake, ilikuwa kama bomba moja la maji mtaani saa kumi na mbili alfajiri: ndoo nyingi, uzi mmoja wa maji. Karani mwenye PC/AT ya mwaka 1984, yenye diski yake mwenyewe ya megabaiti 20, alikuwa na prosesa dhaifu, lakini kisima chake kilikuwa uani.

Prosesa yenyewe pia haikusema yote. Motorola 68000 iliwekwa kwenye Apollo ya kwanza, kwenye Sun ya kwanza, na Januari 1984 ikawekwa kwenye Macintosh ya Apple kwa dola 2,495. Chipu ileile. Macintosh iliiendesha kwa megahezi 7.83, ikailazimisha kugawana zamu za kumbukumbu na skrini, ikaipa kilobaiti 128 tu na kiendeshi kimoja cha flopi. Aliyejaribu kunakili flopi alikuwa akitoa na kuingiza mpaka mkono ukachoka. Apollo wao walitaka kumbukumbu ya kuazima kutoka kwenye diski, ambayo programu inadhani ipo kumbe bado haijaletwa. Tatizo ni kwamba 68000 ikikuta kitu hakipo ilishindwa kurudi ilikoachia. Wahandisi wa Apollo wakaweka 68000 mbili kwenye DN100: ya kwanza ikikwama inasimamishwa pale pale ilipo kama sanamu, ya pili inakwenda kuleta kilichokosekana, kisha ya kwanza inaamshwa bila kujua kuwa ililala. Mpaka leo nikisoma habari hiyo hucheka peke yangu. Motorola walirekebisha kasoro hiyo kwenye 68010.

Kuna eneo moja ambalo PC haikuwa na la kujitetea: hesabu za desimali. 8088 ilijua namba kamili tu. Ukiitaka izidishe 3.7 kwa 2.91, programu ilivunja kazi hiyo kuwa mamia ya hatua ndogondogo. Ndiyo maana karibu na prosesa, kwenye ubao wa PC, IBM waliacha soketi tupu kwa ajili ya chipu saidizi, Intel 8087. Kwa namba za jedwali la Intel wenyewe, kuzidisha kwa programu kulichukua karibu maikrosekunde 1,600, na kwa 8087 karibu 19. Wenye PC wengi hawakuinunua, na soketi ikabaki wazi mpaka mashine ilipokwenda jalalani. Mwandishi wa barua hakuihitaji. Mhandisi wa madaraja angelia.

Sasa turudi kwenye namba, kwa sababu wauzaji hawakuuza visima wala milango, waliuza namba. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na kila mtu sokoni alijua vibaba vinne ni pishi moja. Kwenye soko la kompyuta mmoja alipima kwa pishi, mwingine kwa kibaba, na hakuna aliyekubali kusema vibaba vingapi vinajaza pishi.

Pishi la watu wa wekstesheni lilikuwa VAX-11/780, kompyuta ya kampuni ya Digital iliyozinduliwa mwaka 1977, yenye ukubwa wa makabati yaliyopangwa ukutani. Walikubaliana kuiita mashine ya MIPS 1, yaani amri milioni moja kwa sekunde, na kila wekstesheni mpya ikatangazwa kuwa ni VAX ngapi. Lakini VAX yenyewe haikuwahi kufanya amri milioni moja kwa sekunde. Ilipopimwa kwa makini ilionekana kila amri inachukua mizunguko kumi na kitu, kwa saa ya megahezi 5. Hiyo ni karibu nusu milioni. Ilipewa cheo cha MIPS 1 kwa sababu ililingana kikazi na kompyuta kubwa ya IBM, System/370 modeli ya 158, ambayo tayari ilikuwa na cheo hicho. Na tazama hiyo saa: megahezi 5 kwa VAX, 4.77 kwa PC. Kwa kipimo cha kidirisha cha kasha la krimu, zile mashine mbili ni ndugu wa tumbo moja. Si ajabu wahandisi walizigeuza herufi za MIPS kwa utani, wakasema maana yake ni kipimo cha kasi kisicho na maana.

Watu wa PC wao walikuwa na kibaba chao. Programu ya Norton ilitoa faharasa ambayo ndani yake IBM PC/XT ilikuwa 1.0, na mashine ya mwenzako ikasomeka 7 au 10 au zaidi. Kabla ya hapo jarida la BYTE lilichapisha, Septemba 1981, chekecheo la Eratosthenes: programu fupi inayotafuta namba tasa 1,899 na kurudia mara kumi. Ilikuwa fupi kiasi kwamba msomaji aliweza kuichapa mwenyewe jioni, akakaa na saa ya mkononi. Napenda kipimo kile kwa uaminifu wake, ingawa hakuna mtu aliyewahi kununua kompyuta ili atafute namba tasa 1,899.

Wasomi nao walijaribu. Uingereza ilitoa Whetstone, kipimo cha hesabu za desimali kilichopewa jina la kijiji cha Leicestershire. Neno lenyewe ni kinoo, jiwe la kunolea kisu, ila masikioni kwa Kiingereza linasikika kama jiwe lililolowa. Mwaka 1984 Reinhold Weicker wa Siemens akatunga kipimo cha kazi zisizo na desimali, na kwa mzaha akakiita Dhrystone, kama vile jiwe kavu. VAX ilipata Dhrystone 1,757 kwa sekunde, na namba hiyo ikawa ndiyo MIPS 1 mpya. Dhrystone ilikuwa ndogo, ikapenda mno kunakili maandishi, na waandishi wa kompaila, zile programu zinazotafsiri programu nyingine kuwa amri za prosesa, wakaisoma kama mwanafunzi anayekariri mtihani wa mwaka jana. Jack Dongarra kwa upande wake aliendeleza jedwali lililozaliwa kama kiambatisho cha kitabu cha mwaka 1979, likiuliza swali moja tu: una milinganyo 100 yenye visivyojulikana 100, utaimaliza kwa muda gani? Hiyo ni kazi ya hatua kama 687,000 za desimali. Kwenye jedwali lile PC na kompyuta za Cray zilikaa kwenye orodha moja, PC zikiwa huko mkiani, na hilo peke yake lilikuwa jambo la ukweli kuliko matangazo mengi.

Mwaka 1988 kampuni nne, Apollo, Hewlett-Packard, MIPS na Sun, zikachoka kudanganyana, au tuseme zikachoka kudanganywa. Zikaunda SPEC, chombo cha kutunga vipimo kwa kutumia programu halisi. Seti ya kwanza, SPEC89, ilikuwa na programu kumi: kompaila ya C, kijaribio cha saketi, hesabu za kinyuklia na nyinginezo. Pishi likabaki VAX-11/780. Ilikuwa hatua nzuri kweli, lakini mojawapo ya zile kumi, matrix300, ilizidisha majedwali makubwa ya namba, na karibu asilimia 99 ya muda wake ilitumika kwenye mstari mmoja wa programu. Mstari mmoja! Haukupita muda, kompaila zikajifunza kuupanga upya mstari ule ili data isitoke mbali. IBM RS/6000 modeli ya 550 ikaruka mara kadhaa kwenye kipimo hicho bila chipu yake kubadilika hata kidogo. Seti ya mwaka 1992 ilipotoka, matrix300 haikuwamo.

Wakati watu wa wekstesheni wanasahihishiana pishi, huku chini mambo yalikuwa yanasogea. Septemba 1986 Compaq walitoa Deskpro 386 kwa dola 6,499, wakiwatangulia IBM wenyewe. Intel 80386 ilikuwa na biti 32 ndani na nje, na ilijua kuazima kumbukumbu kutoka kwenye diski na kuzikinga programu zisiumizane, mambo yaleyale yaliyowafanya Apollo waweke chipu mbili. Ilikuwa prosesa ya wekstesheni kwa sifa zote. Wanunuzi wakaipakia DOS, na DOS ikaitumia kama 8088 yenye miguu mirefu, ikiwa na mpaka wake uleule wa kilobaiti 640. Umenunua lori, unabebea kikapu cha nyanya. Sun walikiona kilichomo. Mwaka 1988 wakatoa Sun386i, wekstesheni yenye chipu ya Intel, iliyoendesha Unix na DOS kwa pamoja, halafu wakaiacha.

Waliiacha kwa sababu walikuwa na bunduki nyingine. David Patterson wa Berkeley na John Hennessy wa Stanford walikuwa wamefundisha kwamba prosesa yenye amri chache nyepesi, zinazomalizwa haraka kila pigo la saa, inaishinda yenye amri nyingi nzito. Ndiyo RISC. Sun wakaitumia kwenye SPARC mwaka 1987: megahezi 16.67, kiwango kilekile cha saa ya Sun-3, lakini kazi mara kadhaa. Aprili 1989 wakaishusha kwenye kasha la bapa kama boksi la pitsa, SPARCstation 1, megahezi 20, MIPS 12.5 kwa hesabu yao. Mwezi huohuo, Aprili 1989, Intel walitangaza 486: transista milioni 1.2, na kitengo cha hesabu za desimali kikiwa ndani ya chipu. Ile soketi tupu haikuwa na kazi tena.

Nadhani hapo ndipo mbio zilipoamuliwa, ingawa matokeo yalichelewa kutangazwa. Wekstesheni ziliendelea kuongoza kwa miaka. Alpha ya Digital ya mwaka 1992 ilipita mbali sana na chochote chenye jina la PC. Lakini kila mwaka chipu za Intel ziliuzwa kwa mamilioni, na fedha za karani wa barua ndizo zilizolipia viwanda vilivyokuja kumfikia mhandisi wa madaraja. Huku kwetu wengi hatukuwahi hata kuiona wekstesheni. Tanzania ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na kizuizi kilipolegea, kilichoshuka bandarini kilikuwa PC. Kwetu hakukuwa na mbio za kutazama. Tulikuta mshindi amekaa mezani, amefunikwa kitambaa cha kudarizi ili asiingie vumbi.

Helsinki, Januari 1991, mwanafunzi aitwaye Linus Torvalds alinunua kompyuta ya 386 yenye megahezi 33 na kumbukumbu ya megabaiti nne, kwa malipo ya kidogo kidogo. Chuoni alikuwa ameizoea Unix, mfumo wa mashine za wakubwa. Nyumbani alikuwa na lori na DOS. Akaanza kuandika mfumo wake, na tarehe 25 Agosti mwaka ule akawaambia watu kwamba anatengeneza kitu cha kujifurahisha tu. Megabaiti nne zile ni sawasawa na za Sun-3/50, ila yeye diski yake ilikuwa uani.

Novemba 1995 ilileta mambo mawili kwa mpigo. Pixar walitoa Toy Story, filamu ndefu ya kwanza iliyochorwa yote kwa kompyuta, na picha zake zilipikwa na SPARCstation 20 zipatazo 117, desimali juu ya desimali usiku na mchana. Mwezi uleule Intel wakatoa Pentium Pro. Kwenye vipimo vya SPEC vya namba kamili ilisimama bega kwa bega na prosesa za RISC zilizokuwa na bei ya mara kadhaa. Kwenye desimali ilibaki nyuma. Karani alikuwa amefika. Mchora filamu alikuwa bado ana sababu ya kulipa zaidi, kwa miaka michache.

Januari 1999 Silicon Graphics, waliojenga jina lao kwa mashine za picha za Hollywood, walitoa wekstesheni mpya yenye prosesa za Intel na mfumo wa Windows NT. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Compaq, wale wa Deskpro 386, walikuwa wameinunua Digital nzima, pamoja na Alpha, pamoja na wahandisi, na pamoja na jina la VAX. Mwenye kibaba alikuwa amemnunua mwenye pishi.